Damu ya Mwezi wa Tano

Papa Shabani alizikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake, tumekaa kwenye mikeka, tukisikia sauti za wanaume zikipungua kuelekea makaburini. Alikuwa mkuu wangu nilipoanza kazi ya maabara hapa Kalemie, na baada ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa rafiki yangu. Kando yangu alikaa binti mmoja mwenye adabu anayefanya kazi ileile siku hizi. Alinimiminia chai, akanieleza kwamba sasa ugonjwa wa malale unapimwa kwa kidude kidogo kama kile cha kupimia mimba. Unadondosha damu ya kidole, unangoja muda wa kumaliza kikombe, jibu limetoka. "Mama Ngoie," akaniuliza, "zamani mulikuwa munapima namna gani?" Nikamwambia kwa vioo, na hadubini, na macho. Halafu machozi yakanitoka. Alidhani namlilia marehemu, akanishika mkono, nami nikamwacha aamini hivyo.

Mwaka niliokuwa nauwaza nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nchi iliitwa Zaire, ofisini tuliitana sitwayeni, yaani raia, na Jumamosi asubuhi tulishika majembe na mafagio kufanya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kabla ya kazi nyingine yoyote. Nilikuwa nimemaliza masomo, nikatumwa Kalemie kwenye ekipe ya malale, kikosi cha kupima ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja uani kwa hospitali: meza ya saruji chini ya dirisha, hadubini mbili, ndoo ya kuoshea vioo, na kabati la mbao lenye masanduku ya vioo vilivyokwisha kusomwa, kila sanduku na mwezi wake. Dirisha lilielekea ziwani, lakini Papa Shabani alikuwa amelipaka chokaa nusu ya chini. "Ziwa haliendi mahali," alisema. "Weye angalia kioo." Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayenawa mikono kabla ya kukaa kwenye hadubini kama anayejiandaa kuswali. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta kwa vidole viwili tezi zilizovimba shingoni, kuchoma kidole, kutandaza tone nene la damu, kulikausha na kulitia rangi, kisha kulipitia lote, kipande kwa kipande. Kidudu chenyewe, ukibahatika kukiona, ni kama uzi mfupi wa zambarau uliojikunja. Shida ni kwamba katika damu vidudu hivyo huwa vichache mno. Mtu hutembea navyo miezi na miezi, na tone ulilochukua lisiwe na hata kimoja.

Chumba cha kulala nilikipata kwa Mama Numbi, mshonaji, katika nyumba ya matofali karibu na reli. Mume wake, Papa Kalenga, alikuwa mtu wa reli, mrefu, mwenye maneno machache, na asiyependa kabisa watu wa sindano. Ekipe ilipopita mtaani kupima watu, siku hiyo yeye alikuwa na safari. Walikuwa na mabinti wawili, Numbi wa miaka tisa na mdogo wake aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Chumba changu na kile cha kushonea vilitenganishwa na pazia tu, kwa hiyo asubuhi niliamshwa na cherehani, na juu ya mlio wake sauti ya Mama Numbi akigombana na kitambaa kama mtu na wifi yake: "Weye, kaa sawa! Nimekuambia kaa sawa!" Jioni tulikula wote pamoja bukari, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake yenye mawese, na ndakala, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zikavunjika mdomoni. Samaki aina ya mgebuka akipatikana, kichwa kilikuwa changu, kwa sababu aligundua mapema kwamba ndicho ninachokipenda. "Kula, mutoto wa Manono," alisema. "Kule kwenu kwenye migodi mumezoea kutafuna mawe ya bati." Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nyumba yangu mwenyewe ikiwemo, na sikumbuki mtu mwingine aliyefurahi namna ile kunitazama nikila.

Mwezi wa tatu Mama Numbi alipata homa, ikaja ikaondoka. Alikuwa na shamba la muhogo kando ya Lukuga, na huko mbung'o wapo, kwa hiyo sikungoja, nilimpeleka maabara mwenyewe. Nikasoma kioo, hakuna kitu. Tukampa dawa ya malaria, akapata nafuu. Mwezi wa tano homa ikarudi, safari hii na kichwa kumuuma, na asubuhi uso umejaa kidogo chini ya macho. Nikamchukua damu mara ya pili. Siku ileile ekipe ilikuwa imerudi kutoka vijiji vya upande wa Mpala na masanduku yake, na vioo zaidi ya sitini vilikuwa vinaningoja mezani. Daktari wa zoni, mkuu wa afya wa eneo letu, alitaka majibu kabla ya wiki kwisha. Nilisoma, chake kikiwa miongoni mwao, mpaka macho yakatoa machozi yenyewe. Niliporudi nyumbani Mama Numbi alikuwa jikoni, akaniuliza bila kugeuka, mwiko mkononi: "Basi? Iko ao haiko?" Nikamwambia, "Haiko, Mama." Akapiga kigelegele kifupi, cha mzaha, akaendelea kusonga bukari.

Kilichofuata kilikuja polepole, na labda ndiyo maana tulikikubali siku kwa siku. Aliunguza chakula. Alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, wateja wakarudisha nguo. Usiku nilimsikia akizunguka nyumbani, na mchana alisinzia katikati ya sentensi, kinywa wazi. Kwenye matanga ya jirani alicheka, kicheko chake kilekile kizuri, watu wote wakageuka. Siku moja ya mwezi wa nane nilirudi saa sita mchana na cherehani ilikuwa kimya. Nilipofungua pazia nilimkuta amelaza kichwa kwenye mashine, amelala, na sindano imepita katikati ya ukucha wa kidole chake, uzi mwekundu umeingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Hakuwa amelia. Numbi alisimama kando yake na mkasi mkononi, hajui akate nini. "Mama hasikii," akaniambia. "Nimemuita na hasikii."

Nikamchukua damu mara ya tatu, na mara ya tatu sikuona kitu. Kwenye bomba la maji niliwasikia majirani wawili wakizungumza bila kunijali. "Hii njo uvivu tu," alisema mmoja. "Hapana, ni ndugu za mume. Wamemufunga kwa uchawi." "Lakini si wanakaa na ule dada wa labo?" "Amemupima. Amesema hana ugonjwa." Nilijaza ndoo yangu nikaondoka nayo bila kuitazama, maji yakinimwagikia miguuni. Jioni ile Papa Kalenga aliniita sebuleni. Mke wake alikuwa amekaa sakafuni, kamasi zinamtoka, Numbi anamfuta kama yeye ndiye mama.

"Ngoie," akasema, "weye njo unajua damu. Sema mbele yangu. Iko ao haiko?"

"Sijaiona, Papa."

"Sikukuuliza kama umeiona. Iko ao haiko?"

"Haiko, Papa."

"Basi ni mambo ya kwao. Nitamupeleka kwa ndugu zake Ankoro. Huko kuna watu wanaojua."

Nilimweleza Papa Shabani yote. Alifikiri, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati. "Mwanangu," akasema, "kioo kikisema hapana na muntu mwenyewe anasema ndiyo, mimi namwamini muntu." Lakini kuamini hakukutosha. Mgonjwa ambaye ugonjwa umeingia kichwani alitibiwa kwa dawa moja tu ya mshipa, yenye sumu ya arseniki ndani yake, na wengine dawa yenyewe iliwaua. Daktari hakukubali kumdunga mtu ambaye kidudu chake hakijaonekana. Njia nyingine ilikuwa kupima maji ya mgongo, yanayovutwa kwa sindano kwenye uti, na hilo Papa Kalenga alilikataa kabisa. Alikuwa amemwona mtu aliyechomwa mgongo akabaki hatembei, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mtu yule alikuwa amekwisha kuharibika kabla.

Mwezi wa kumi alifika daktari mmoja kutoka Kinshasa, mfupi, mwenye haraka, na sanduku la barafu analolibeba mwenyewe bila kumwachia dereva. Ndani mlikuwa na kadi nyeupe na chupa ndogo ya dawa ya buluu. Alituonyesha: tone la damu, tone la buluu, unachanganya kwa kijiti, unaizungusha kadi taratibu. Buluu ikibaki laini kama maji ya kufulia, hapana. Ikigandana chembe chembe, mwili wa mtu huyo umewahi kupigana na kidudu. Nilimleta Mama Numbi nikimshika kiunoni, maana alikuwa anayumba. Buluu iligandana kabla hatujamaliza kuizungusha. Nilipiga kelele ya furaha, naona haya kuisema. Daktari akatikisa kichwa. "Kadi inashuku tu, sitwayeni. Haioni. Nitafutieni kidudu." Akatuachia karatasi zilizoeleza njia mpya: unavuta damu katika vimirija vya kioo vyembamba kama njiti ya ufagio, unavizungusha kwa kasi kwenye mashine, damu nyekundu inashuka chini, maji yake ya manjano yanabaki juu, na katikati, kwenye utando mweupe, vidudu vyote vya damu ile vinakusanyika mahali pamoja. Mashine ya namna hiyo ilikuwepo hospitali, ya kupimia upungufu wa damu, na vimirija kumi. Kilichokosekana ni umeme.

Umeme wa Kalemie siku zile ulikuwa kama mgeni mkubwa, ukija watu waliacha kila kitu kuupokea. Siku ya kwanza tulizungusha vimirija vinne, hakuna kitu, na ulipokatika tulikuwa tumebakiwa na sita. Siku ya pili haukuja. Siku ya tatu Papa Kalenga alinijulisha kwamba treni ya Kabalo ingeondoka kesho yake, na kutoka huko wangeendelea mpaka Ankoro. Nikamwomba wiki moja. "Umekuwa na mwaka muzima," akasema, bila hasira, na bila hasira ile iliniumiza zaidi. Kesho yake asubuhi nilimchoma Mama Numbi kidole akiwa amekaa juu ya mizigo yake. Hakunitambua. Nilijaza vimirija sita nikakimbia navyo hospitali. Umeme ulikuja kama saa tatu. Vidudu vinakufa upesi, kwa hiyo tuligawana, mimi vitatu na Papa Shabani vitatu, tukainama. Kwenye mrija wangu wa pili, pembeni ya ule utando mweupe, kitu kikatikisika. Nikashika pumzi. Kikatikisika tena, kikapinda, kikapiga chembe za damu kama samaki anayepiga maji kwenye kina kifupi. Papa Shabani alikuja kuangalia, akakaa muda mrefu jicho likiwa pale pale. "Alhamdulillahi," akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha. "Kimbia, mwanangu."

Treni ilikuwa bado haijaondoka. Nilimkuta Papa Kalenga anaingiza godoro kupitia dirishani, na mke wake amelala kwenye saruji ya stesheni, kitenge kimemvuka magotini, watu wanampita. "Iko!" nikamwambia. "Papa, iko. Nimeiona kwa macho, inatembea." Aliliacha godoro likining'inia. "Mara tatu ulisema haiko."

"Leo tumepima namna nyingine."

"Dawa iko?"

"Iko."

"Inaponyesha?"

Nilijua dawa ile inafanya nini. Nilikuwa nimewaona waliodungwa wadi ya malale, nilikuwa nimesaidia kubeba machela. "Inaponyesha, Papa," nikasema, na sikuongeza neno.

Alikubali yote, hata maji ya mgongo, na maji yale yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa kichwani. Dawa ilidungwa kwa sindano ya kioo, kwa sababu ile ya plastiki ingeyeyuka, na muuguzi alishika mkono wa mgonjwa kama anashika kamba nyembamba, maana ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Siku ya pili alimtambua Numbi. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amekaa, amejifunga kitambaa vizuri, ananitazama. "Ngoie, umekonda. Nani anakupikia?" Akauliza nani alikuwa anamalizia nguo za wateja, na kama mtu aliyakumbuka mafuta ya cherehani. Papa Kalenga alicheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Siku ya nne degedege zilianza kabla hajamaliza uji. Tulimshika watu watatu. Mchana, wadi ikiwa na jua tele na wagonjwa wengine wanakula, akafa. Papa Kalenga aliinuka. Alichukua sahani aliyoletewa mke wake, akaifunika, akaenda kuiweka nje ukutani, akarudi.

Baada ya mazishi sikuweza kukaa katika ile nyumba. Nikahamia kwa mama mmoja wa parokia. Lakini kabla ya hapo kuna jambo nilifanya. Nilifungua kabati la maabara, nikatoa vioo vitatu vya Mama Numbi, nikakaa navyo siku moja nzima ya Jumapili, peke yangu. Sijui nilitaka kujua au nilitaka kusikia kwamba si mimi. Cha mwezi wa tatu, hakuna. Cha mwezi wa nane, hakuna. Katika kioo cha mwezi wa tano, ukingoni, mahali ambapo mtu aliyechoka hageuzi tena kioo mpaka mwisho, kilikuwepo kimoja. Uzi mdogo wa zambarau, wazi kabisa, kama picha ya kitabuni. Mwezi wa tano ugonjwa ulikuwa bado katika damu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kulikuwa na dawa nyingine, ya sindano za matakoni, ambayo watu waliivumilia wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Niliondoa jicho, nikarudisha, bado kilikuwepo.

Jumatatu nilikiweka kioo mbele ya Papa Shabani bila kusema. Aliangalia. "Nani mwingine ameona?" "Hakuna, Papa." Ningekubali wakati ule akivunje, nasema kweli, nilitamani akivunje. Aliinuka, akaleta kitabu cha majibu, akatafuta mstari wa siku ile, akakata neno nililoandika na kuandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba kidudu kipo. Akanipa kalamu nitie sahihi. Chini ya jina langu akatia lake. "Vioo sitini," akasema. "Nani alikupa vioo sitini?" Tangu siku hiyo hakuna kioo kilichosomwa na mtu mmoja kwetu, na daktari wa zoni alipofoka kuhusu majibu kuchelewa, Papa Shabani alimkaribisha kwa heshima aje akae kwenye hadubini asome mwenyewe. Kadi zilipokwisha aliandika barua Kinshasa, na akaandika tena. Umeme ukikosekana tulizungusha vimirija kwa mkono, kwa kifaa alichomwagiza fundi wa baisikeli atengeneze kwa gurudumu la meno na mnyororo. Kilikuwa dhaifu, kilivunja vimirija vingi, lakini mara nyingine kilituonyesha tulichokuwa hatuoni.

Mwezi wa kumi na mbili Papa Kalenga alikuja maabara na watoto wake. Sikumwita. Mdogo alikuwa mzima. Buluu ya Numbi iligandana. Vimirija vyake havikuonyesha kitu wiki ya kwanza, wala ya pili, na tulimwita tena na tena, mpaka wiki ya tatu Papa Shabani akakiona, nami nikakithibitisha. Maji ya mgongo yalikuwa safi. Siku ya sindano ya kwanza Numbi alilala kifudifudi kwenye benchi, ameuma kitenge cha mama yake, na baba yake akaniuliza: "Hii njo dawa ile?"

"Hapana, Papa. Si ile. Hii ni ya kukamata ugonjwa mapema."

Alikunja vidole kimoja kimoja. Nilimwona anahesabu miezi. "Kwa hiyo mama yake, kama mungaliona mapema, angepata hii."

"Ndiyo."

"Lakini haikuonekana."

Papa Shabani aliinua kichwa kutoka mezani. Hakunizuia, wala hakunisukuma. "Ilikuwepo, Papa," nikasema. "Mwezi wa tano ilikuwepo kwenye kioo. Mimi sikuiona. Nilikuwa nimechoka, sikufika mwisho. Na kule stesheni nilikuambia dawa inaponyesha, nikijua kwamba inaua pia." Nilisema yote kwa pumzi moja, mbele ya mtoto, na hilo nalo sijui kama nilifanya vema. Papa Kalenga alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha mahali asipopajua. Halafu akatoka. Sindano zilizofuata Numbi aliletwa na jirani. Nilingoja waje kunikamata, au ndugu wa marehemu waje na fimbo. Kila kivuli kilichopita juu ya chokaa ya dirisha kilinisimamisha moyo. Sikula, sikulala, niliandika barua ya kuacha kazi mara mbili na Papa Shabani akazitia zote mbili kwenye droo bila kuzifungua.

Siku ya sindano ya mwisho baba alikuja mwenyewe. Alimngoja Numbi avae, akamtuma nje na mdogo wake. Papa Shabani alikuwa hana kazi mkononi, akainuka kumpokea, lakini Papa Kalenga alimpita akaja kukaa kwenye kigoda mbele yangu, yule mtu aliyekimbia ekipe maisha yake yote. Akakunja mkono wa shati na kunipa kidole. "Na mimi nilikuwa nikienda shambani naye," akasema. "Nipime. Weye mwenyewe."

Nilimchoma. Nilijaza vimirija vinne. Umeme ulikuwepo. Nikazungusha vimirija, nikainama, na yeye akasimama nyuma yangu karibu kiasi cha kusikia pumzi yake shingoni. Nilipitia ukingo wote wa mrija wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Niliporidhika nikainua kichwa, jasho linaniingia machoni. "Haiko, Papa."

"Rudia," akasema.

Nikarudia.